Wasswa bila Kato

Arua

Ndugu yangu Amina,

Salaam nyingi kwako na kwa watu wa nyumbani. Mswada umefika. Mtoto wa darasa la sita kuingia shule ya bweni kwa jina lisilo lake ni wazo zuri, ila anadanganya bure mno. Tumefika sura ya tano na uongo haujamgharimu hata kipande cha chapati.

Kwanza, Moses halitufai kama jina la bandia, kwa sababu halina swali nyuma yake. Mwite Wasswa. Kijana wako katoka huku kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mbali na Waganda; amelisikia tu kwenye teksi likampendeza. Hajui kwamba kwa Waganda Wasswa ni pacha wa kwanza na Kato wa pili, na kila atakayekutana naye atauliza: "Kato yuko wapi?" Sasa inabidi amzae ndugu papo hapo. Akisema Kato anaumwa, matroni atataka kumpigia simu Nnalongo, mama wa mapacha. Akisema yuko shule nyingine, siku ya michezo shule hiyo itakuja. Akimtaja mdogo wake, ataulizwa kama ndiye Kizza, anayefuata mapacha.

Msomaji wa Tanga hazijui mila hizi, lakini usimwekee maelezo chini ya ukurasa. Mpishi aulize huku anapakua posho na maharagwe, kijana akodoe macho, naye msomaji ataelewa pamoja naye.

Pili, vitu. Umesahau kabisa kwamba mtoto wa bweni huandikwa jina kila mahali: kifuniko cha sanduku la bati, godoro, ndoo, sahani. Vyote hivyo ni mashahidi, na usiwaite siku moja. Anza na sanduku. Limepakwa ADRIKO, jina lake halisi, kwa rangi nyeupe, analikwangua usiku kwa mpini wa kijiko, K na O zinagoma kutoka. Asubuhi anasema ni sanduku la Kato, A na T zimefutika njiani. Baina ya K na O hapapiti hata unywele. Matroni aliangalie sanduku, amwangalie kijana, aondoke bila neno. Tafadhali usimfanye mjinga. Mtu mzima anayeshuku akanyamaza anachekesha kuliko anayepumbazwa kila siku.

Siri umeifichua sura ya nne. Ilete ukurasa wa kwanza. Msomaji asipojua kijana anaficha nini, swali la mpishi halitamchekesha. Mwenzake mmoja bwenini naye ajue, na bei ya kunyamaza ipande: nusu chapati, kisha nzima, kisha kikomando, yaani chapati zilizokatwakatwa na maharagwe.

Mvua inayomwokoa sura ya tisa ifute. Bahati imtie matatani upendavyo, kutoka atoke kwa akili yake. Na siku ya wazazi, mama yake halisi akishaingia getini, kijana aseme mwenyewe kabla hajaumbuliwa. Hotuba ya mwalimu mkuu baada ya hapo, nusu ukurasa mzima, itupe.

Maneno 45,000 ni mengi kwa mtoto wa miaka 10. Shusha hadi 25,000, kila sura kama 1,500. Kurasa zikigawanyika kwa 16 mchapaji atakushukuru, maana karatasi hukunjwa hivyo.

Sura ya sanduku nitumie kwanza, hata kama haijanyooka.

Wako,
Zubeda