Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Wales: majina ya watu wa Clarendon yachongwe Penrhyn

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni,
Serikali ya Wales, Cardiff

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima. Naja na ombi: majina ya watumwa wa Clarendon, Jamaika, ambao jasho lao lililipia jengo la Penrhyn, yachongwe pale pale. Nakuandikia kwa Kiswahili nikijua utahitaji mkalimani, lakini naamini hutanuna. Serikali yako haisimamishi hata alama ya barabarani bila Kiwelshi na Kiingereza. Zamani, watoto wa huku wakinaswa wanasema Kiwelshi shuleni walivishwa shingoni kipande cha ubao chenye herufi WN, yaani "Welsh Not", marufuku Kiwelshi. Kwetu Afrika Mashariki ziko shule mpaka leo zinazomvisha mtoto kibao kwa kosa la kusema Kiswahili. Kwa hilo sisi ni watani.

Mimi ni Mzanzibari, nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Bangor, kaskazini mwa Wales. Mzee mmoja ninayemhudumia, dirisha lake linatazama minara ya Penrhyn juu ya miti. Babu yake alikuwa mchimbaji wa mawe Bethesda, mji wa machimbo ya Penrhyn. Siku moja nikamuuliza kama amewahi kuingia ndani. Akaweka kikombe chini. "Sijaingia, wala baba hakuingia." Kisha akaniomba nifunge pazia.

Jengo lenyewe linanitatiza kuliita. Kwetu ngome ni ya vita, kama Ngome Kongwe pale Forodhani. Kasri ni nyumba ya mfalme au tajiri. Penrhyn ina kuta nene na minara ya kutisha kama ngome ya Wanormani wa miaka 900 iliyopita, ila haijapigiwa vita hata siku moja. Msanifu Thomas Hopper alianza kuijenga mnamo 1820, wakati mitaa ya London ina taa za gesi. Basi nitaiita kasri, na tajiri tumtaje.

Katika karne ya 17 Gifford Pennant alijipatia ardhi Jamaika, upande wa Clarendon. Kitukuu chake, Richard Pennant, aliyezaliwa 1737, alirithi mashamba ya miwa na watumwa wa kuyalima. Aliyaendesha kwa barua kutoka huku, na barua hizo zimehifadhiwa katika nyaraka za Chuo Kikuu cha Bangor, mwendo wa miguu kutoka ninapoishi. Alikuwa mbunge wa Liverpool, bandari iliyonenepa kwa biashara ya watumwa, na bungeni akasimama kuitetea biashara hiyo. Mkewe, Ann Susannah Warburton, alikuwa mrithi wa sehemu ya ardhi ya Penrhyn. Hapo ndipo pesa ya sukari ilipokutana na mlima wa sleti, jiwe la tabaka linaloezekea nyumba: Richard akafungua machimbo makubwa, akakata barabara, akajenga bandari. Mwaka 1783 akapewa cheo cha Baron Penrhyn. Alipokufa 1808 hakuacha mtoto, mali ikaenda kwa ndugu wa ukoo, George Hay Dawkins, aliyejiongezea jina la Pennant. Huyo ndiye aliyemwita Hopper.

Ndani mna kitanda cha sleti chenye uzito wa tani moja hivi. Inasimuliwa kwamba kilitengenezwa kwa ajili ya Malkia Victoria, na alipokuja mwaka 1859 akakataa kukilalia kwa kuwa kilimkumbusha kaburi. Simlaumu. Jiwe ni lile lile ambalo wazee wetu waliandikia alifu na be shuleni, kipande kidogo mapajani. Kulilalia ni jambo jingine.

Habari za Bethesda unazijua kuliko mimi, lakini wasomaji wangu wengine hawazijui. Mwishoni mwa karne ya 19 machimbo ya Penrhyn yalikuwa makubwa kuliko yote ya sleti duniani. Novemba 1900, wanaume wapatao 2,800 waliacha kazi kudai chama chao kitambuliwe. Bwana wa kasri, George Sholto Douglas-Pennant, akakataa kuzungumza na chama. Ikawa miaka mitatu. Juni 1901 watu kama 400 walirudi kazini, na kila mmoja akapewa sarafu ya dhahabu. Baada ya hapo nyumba za waliobaki nje zikaweka kadi dirishani: "Nid oes bradwr yn y tŷ hwn", hakuna msaliti katika nyumba hii. Fikiria mtaa mmoja, dirisha hili lina kadi, la jirani halina. Kwaya zikazunguka Uingereza kuimba na kuchangisha chakula cha watoto, wanaume wengi wakahamia machimbo ya makaa ya kusini, na Novemba 1903 waliosalia wakashindwa. Pazia la mzee wangu linatoka huko.

Uchungu huo umetunzwa vizuri, na ni haki yake. Ninachokuomba kinahusu watu wengine, waliotangulia kulipia kuta zile.

Bunge lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833 lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Fidia ya wenye watumwa, si ya watumwa. Dawkins-Pennant alipata zaidi ya pauni 14,600 kwa watu 764, kama pauni 19 kwa kichwa, na kasri ilikuwa bado inamaliziwa. Wale 764 hawakupata senti. Tena sheria iliwabakiza kazini kwa mabwana wao mpaka 1838 kwa jina la uanagenzi. Deni ambalo serikali ya Uingereza ilikopa kuwalipa mabwana wote hao halikumalizika hadi 2015. Mimi nilianza kukatwa kodi ya mshahara huku mwaka 2009. Kwa hiyo nami, mjukuu wa Unguja, nimechangia.

Usidhani nakuja na mikono misafi. Kwetu pia, amri ya 1897 iliyowapa watumwa wa Unguja na Pemba ruhusa ya kwenda mahakamani kuomba uhuru iliwalipa fidia waliokuwa wakiwamiliki. Na pale Mkunazini, palipokuwa soko, kuna sanamu za watumwa watano shimoni, minyororo shingoni. Kila nikienda nyumbani hupita. Hazina majina. Hao watano ni mtu yeyote.

Watu wa Clarendon wanayo majina, Mheshimiwa. Kuanzia 1817 wamiliki wa Jamaika walilazimika kuwaandikisha watumwa wao kila miaka mitatu: jina, umri, kazaliwa Afrika au kisiwani, pengine na jina la mama. Nakala za madaftari hayo ziko katika hifadhi ya taifa, London. Waliandikwa kwa hesabu ya mali, lakini waliandikwa.

Ombi langu ni hili: majina ya waliokuwa katika mashamba ya Pennant yachongwe, kila mtu na umri wake, kwenye sleti ya Bethesda, kando ya njia ya kuingilia kasri. Najua tangu 1951 jengo liko chini ya National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo ya kale, si serikali. Lakini fungu la fedha unalo, na ukiita kikao watu wanakuja. Mtaala wenu wa 2022 unawataka watoto wote wa Wales wafundishwe historia ya watu weusi. Wa kwanza katika Uingereza nzima. Wapeni basi kitu cha kupitisha vidole.

Utaambiwa kwamba hayo ni majina ya kupachikwa na mabwana. Mengi ndiyo. Kwetu mtumwa aliitwa Faida au Mabruki bila kuulizwa, na leo wajukuu wanayabeba bila haya. Tena si yote ya kupachikwa. Katika madaftari ya Jamaika hukosi kumkuta Cudjoe, wa Jumatatu, na Quashie, wa Jumapili. Hayo ni majina ya Waakan, wa Ghana ya leo, wanaomwita mtoto kwa siku aliyozaliwa, kama sisi tunavyomwita Khamis au Juma. Mtu alivuka bahari hana nguo, akabaki na siku yake.

Suala la fidia silisemei. Wajamaika wana serikali yao na midomo yao. Nao ndio waulizwe kwanza namna ya kuyaandika, kabla ya patasi kugusa jiwe. Mashamba mengine ya familia hii yaliitwa Denbigh na Pennants, na majina hayo bado yapo Clarendon.

Wiki hii niko zamu ya usiku, lakini kuanzia Jumatatu ijayo naweza kupanda treni ya alfajiri kuja Cardiff. Mzee naye ameniambia niandike kwamba sleti ikichongwa, atataka kuonyeshwa, mradi asimame nje ya mlango.

Wako mtiifu,
Mzanzibari wa Bangor