Mfuko wa mchele na mpiga picha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu namna sisi Wakristo wa Unguja tunavyotoa sadaka siku hizi, ambapo ni nadra mfuko wa mchele kumfikia mhitaji bila ya kupigwa picha.

Pasaka iliyopita nilifuatana na wenzangu kuwapelekea wazee vyakula. Bibi mmoja alipewa mfuko wa kilo tano, akaupakata, akageuka kwenda zake. Akaitwa arudi, kwani mpiga picha alikuwa bado anatafuta pahala penye mwanga. Bibi wa watu akasimama juani, ushungi umemteleza na mikono yote miwili imeshika mzigo, asiweze kuurudisha ushungi kichwani mpaka kiongozi wetu aliporidhika na picha ya tatu. Mimi nilikuwa pembeni na madumu ya mafuta ya kupikia, na sikusema neno.

Injili ya Mathayo, sura ya 25, inaeleza kuwa siku ya hukumu mataifa yote yatakusanywa mbele ya Mfalme, naye atawatenga watu kama mchungaji anavyotenga kondoo na mbuzi. (Kondoo wetu wa huku hawana manyoya mengi, na kwa mbali mtu huwatambua kwa mkia tu: wa kondoo umelala, wa mbuzi umesimama.) Watakaoulizwa wataulizwa juu ya mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Linalonishughulisha zaidi ni kwamba wenye haki wenyewe wanashangaa, wakauliza ni lini walimwona Bwana ana njaa wakamlisha. Walitenda wakasahau. Sisi hatuwezi kuuliza hivyo, maana simu zetu zimehifadhi siku, saa na dakika.

Majirani zetu Waislamu wanayo Hadithi al-Qudsi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyosimuliwa na Mtume wao, iliyopokewa na Imamu Muslim, ambamo Mwenyezi Mungu siku ya Kiyama anamwambia mwanadamu kuwa aliumwa naye hakwenda kumtazama, na kwamba lau angemtazama mja wake aliyeugua, angemkuta Yeye hapo. Kwa hiyo katika mji huu jambo hili halihitaji mkalimani.

Wapo watakaosema kuwa mtu huokolewa kwa imani wala si kwa mchele. Mtume Yakobo alikwishawajibu kuwa imani bila matendo imekufa, sina la kuongeza. Hoja nzito zaidi ni ya wafadhili, ambao wana haki ya kujua mali yao ilikwenda wapi; lakini risiti ya duka na orodha iliyotiwa saini na wazee wa kanisa vinatosha, na ikilazimu picha, yapigwe magunia.

Na tuyatazame tena yale sita. Chuo cha Mafunzo, yaani gereza la hapa kwetu, ambako wafungwa huitwa wanafunzi, mtu haingii na kamera. Nadhani ndiyo maana mfungwa, ambaye Kristo alimtaja pamoja na mwenye njaa, hayumo katika safari zetu za kutembelea wahitaji, na wala hatuoni kuwa hayumo.

Napendekeza kwa wenzangu wa kanisa la Anglikana la Mkunazini na la Katoliki la Minara Miwili kwamba Krismasi ijayo simu zote zikusanywe kwa mtunza hazina kabla gari haijaondoka kanisani. Madumu ya mafuta nitayabeba mimi.

Msomaji wako,
Mkunazini, Unguja