"Yuko kazini" si jibu la wito wa baraza

Mhariri,

Kuna msomaji wako aliyeandika kwamba wake wa wanajeshi tunaachwa mikono mitupu kwa kutojua sheria. Mimi naijua, na bado nimekwama.

Nimeishi na mwanajeshi miaka 11. Nyumba yetu ya Ipuli, hapa Tabora, ilianzia kwenye mizinga ya marehemu baba: niliuza asali dumu kwa dumu, nikanunua saruji. Risiti ninazo kwenye kopo la maziwa, zile ambazo mende hawajala. Kiwanja kina jina la mume wangu.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinatambua mchango wangu mali zikigawanywa wakati wa talaka. Hata kazi za nyumbani ni mchango, Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed (ingawa mwenyewe hakuambulia kitu, maskini).

Lakini kabla ya kudai talaka mahakamani, lazima tupite kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa. Mwenzangu kahamishiwa mkoa mwingine. Kaitwa mara tatu, hakutokea. Nilimfuata hadi kikosini, nikaambiwa getini, "Shemeji, yuko kazini." Usiku huo nililala stendi na mtoto.

Kifungu cha 101 kinaniruhusu kwenda mahakamani moja kwa moja kama aliyeitwa amekaidi kwa makusudi. Katibu wa baraza anasema aliye kazini hajakaidi. Basi wakuu wa vikosi wampokelee askari wito, asaini, apewe ruhusa ya siku mbili. Akikataa hapo, kila mtu ataona amekataa.

Mama wa wawili,
Ipuli, Tabora