Chuo cha ufundi kinacholipwa na serikali kipimwe kwa kazi ya mwanafunzi

Ndugu Mhariri,

Ni msomaji wa gazeti lako wa miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu ya vijana waliokabidhiwa vyeti vya ufundi baada ya kulipiwa ada na serikali imenishinda kunyamazia. Mmetupa idadi ya walioanza, idadi ya waliomaliza na picha ya mgeni rasmi akikabidhi vyeti. Mwandishi wenu hakuuliza hata kijana mmoja anaweza kutengeneza nini.

Mimi nina karakana ya kuchomelea Kihonda, Morogoro. Tunatengeneza mageti, grili, madawati na mapaa ya chuma. Kwa kuwa nimeajiri watu zaidi ya kumi, kila mwezi nalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, asilimia 3.5 ya mishahara yote. Ilikuwa asilimia 4 hadi katikati ya mwaka 2023, ikapunguzwa, na nilishukuru. Sina ugomvi na kulipa. Ila fedha hiyo inatozwa kwa jina la ujuzi, kwa hiyo nina haki ya kuuliza ujuzi wenyewe uko wapi.

Mwaka jana alikuja kijana na cheti kutoka chuo kimoja cha binafsi kinachopokea vijana wa kulipiwa na serikali. Ni kijana mwenye adabu na mwenye hamu ya kazi, na nataka hilo lieleweke, maana mara nyingi lawama huishia kwa vijana. Nikampa vipande viwili vya skwea paipu, yaani bomba la pembe nne, la unene wa milimita 1.5, aviunge kona, kama fremu ya geti. Akachukua rodi, ile fimbo ya chuma inayoyeyuka kuunga vipande, ya milimita 2.5, akawasha mashine na kuiacha kwenye ampea 150 kama alivyoikuta. Bomba likatoboka pale pale. Akajaribu kuziba tundu, likapanuka. Nikampunguzia moto mwenyewe, akarudia kwenye vipande vingine, safari hii chuma cha rodi kikalala juu juu bila kushika. Hakugonga uchafu wa rodi kuona chini kuna nini, wala hakupima kona kwa skwea. Nikapiga nyundo mara moja, vipande vikaachana.

Nikamketisha tukaongea. Karakana yote ya chuo ilikuwa na mashine moja tu inayofanya kazi, na darasa lilijaa mpaka wengine wanasimama. Umeme wa LUKU ukiisha, walirudi darasani kunakili ubaoni aina za rodi na majina ya maungio. Rodi walizopewa ni vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu ambazo mwalimu alikuwa akizifanya hapo hapo chuoni. Kazi ya mtihani waliifanya kikundi kizima, akashika holda, mkono wa kushikia rodi, yule mmoja aliyekuwa amejifunza gereji kabla ya kujiunga, na wote wakapewa cheti. Lakini chuo hicho kilikaguliwa! Nasema hivyo kwa sababu siku moja kabla ya ukaguzi mtu wao alifika kwangu kuomba nimwazime mashine mbili za kuchomelea na grinda, nikamkatalia. Karakana ya jirani wakamkubalia. Mashine zilirudi kesho yake jioni zikiwa na namba za chuo zilizoandikwa kwa maka peni, hata wino haujakauka vizuri. Mkaguzi alihesabu mashine, akaona daftari la mahudhurio, akasaini, akaondoka. Serikali ikalipa. Kijana amepoteza miezi yake sita, na mama yake anamuuliza kwa nini bado yuko nyumbani wakati cheti kipo.

Na huku vyeti vya namna hiyo vinagawiwa, msimamizi wangu wa karakana, aliyefundishwa na mjomba wake tangu akiwa mdogo na ambaye mageti yake yamejaa mji huu, hana cheti chochote. Zabuni ya madawati ikitangazwa wanataka vyeti vya mafundi, na jina lake siwezi kuliweka. Najua VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mitaani, na ni utaratibu mzuri. Lakini fundi anayelipwa kwa siku akienda kupimwa, siku hiyo watoto wake hawali. Kama ada ya anayeanza inalipwa na serikali, gharama ya kumpima anayejua tayari ingelipwa pia.

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, usajili na ithibati ya vyuo vya ufundi stadi viko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kwa hiyo mwenye kuamua anajulikana. Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Kila mashine ya chuo kinacholipwa ichongwe jina la chuo kwenye bodi yake kwa patasi, na orodha ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa ili majirani waione. Mkaguzi aje bila taarifa, Jumanne au Jumatano asubuhi, na mfuko wake wa vipande vya chuma na rodi zake. Kila mwanafunzi aunge vipande viwili peke yake mbele yake, jina liandikwe kwa rangi, na kazi zote zihifadhiwe ofisi ya wilaya kwa mwaka mmoja. Mwajiri yeyote aruhusiwe kwenda na nyundo. Theluthi ya mwisho ya malipo ya chuo izuiwe mpaka vipande hivyo vipigwe na fundi asiye wa chuo hicho. Kwa ushonaji iwe suruali, kwa umeme iwe bodi ya swichi iliyofungwa na kupimwa.

Mafundi wa kusaidia kupima hawakosekani. Hapa hapa Morogoro kipo chuo cha kuwaandaa walimu wa ufundi stadi, na karakana zimejaa mji mzima. Mimi niko tayari kutoa siku moja kila mwezi bila malipo. Mwandishi wenu akitaka, aje Kihonda nimwonyeshe zile kona za skwea paipu, nimezihifadhi.

Mwenye karakana ya kuchomelea,
Kihonda, Morogoro