Barua kwa wanetu mnaosoma Uturuki, Ugiriki na Kupro

Wanangu na wajukuu zangu mlioko Izmir, Istanbul, Athens, Thessaloniki na Nicosia,

Shikamoo zenu hunifikia kwa simu, nami nazipokea: marahaba. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayonisumbua. Nimeshika kalamu kwa sababu ya vijana wawili wa mtaa wetu hapa Tanga waliokuja likizo. Mmoja anasoma Izmir, mwenzake Athens. Wamekua pamoja na kula sahani moja. Safari hii kila mmoja alikuja kunisalimia peke yake, na kabla ya kuvua viatu aliuliza kama mwenzake yumo ndani. Nikadadisi. Nikaambiwa hawasemezani, na kisa ni nani aliyeichoma Izmir mwaka 1922.

Nilipouliza zaidi nikajua hawako peke yao. Waislamu wengi kati yenu mmejipanga na Waturuki, Wakristo wengi mmejipanga na Wagiriki, na Hagia Sophia, lile kanisa la kale la Istanbul lililogeuzwa msikiti kisha makumbusho, iliporudishwa kuwa msikiti Julai 2020 mlitukanana kama vile mjengo ule ni urithi wa babu zenu. Mimi ni Mwislamu, na riziki yangu niliipata kwenye meli za Wagiriki. Nilipanga chumba Nikaia, jirani na bandari ya Piraeus, na Izmir nimeteremka mara nyingi. Kwa hiyo nisikilizeni. Ugomvi huu mnaoushabikia uliwaumiza watu zaidi pale walipopangwa kwa dini, nanyi mnajipanga vilevile.

Tarehe 30 Januari 1923, huko Lausanne, Uswisi, Ugiriki na Uturuki zilitia saini mkataba wa kubadilishana watu. Hakuna aliyeulizwa anasema lugha gani, wala anajiona nani. Mwothodoksi wa Anatolia, yaani Uturuki ya upande wa Asia, alihesabiwa Mgiriki, Mwislamu wa Ugiriki akahesabiwa Mturuki, basi. Waothodoksi kama milioni 1.2 wakawa wa Ugiriki, wengi wao wakiwa wameshakimbia vita vya Ugiriki na Uturuki vya 1919 hadi 1922 kabla wino haujakauka. Waislamu zaidi ya 350,000 wakapelekwa Uturuki. Walioachwa ni Wagiriki wa Istanbul na wa visiwa vya Imbros na Tenedos, na Waislamu wa Thrace Magharibi, kaskazini mashariki mwa Ugiriki.

Nikaia yenyewe ilijengwa kwa ajili ya wakimbizi hao. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja, wazazi wake walitoka Kapadokia, katikati ya Anatolia. Alikuwa na kitabu cha sala cha mama yake, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Siku moja nilimleta baharia Mturuki kunywa kahawa uani kwake. Bibi akafungua kile kitabu akasoma. Yule baharia akaweka kikombe chini, akawa anamalizia sentensi kabla bibi hajazifikisha mwisho. Kumbe kilikuwa Kituruki kitupu kilichoandikwa kwa herufi za Kigiriki! Mgiriki wa Athens angeweza kukisoma kwa sauti asielewe neno. Mturuki wa leo angekielewa chote lakini hawezi kukisoma. Sisi tuliosoma tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu chuoni hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Wazee wa bibi yule waliitwa Wakaramanli, Wakristo wa Anatolia ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kituruki. Walipofika Ugiriki, nchi waliyoambiwa ni yao, walikuta watu wanawaita mbegu ya Waturuki, na wengine wanasema walibatizwa kwa mtindi.

Kwa upande wa pili mambo yalikuwa yaleyale. Waislamu wa Krete walipelekwa Ayvalık na kisiwa cha Cunda kilicho mbele yake, na wengi wao lugha waliyoijua ni Kigiriki cha Krete. Walipewa nyumba za Waothodoksi waliohamishwa, na hadi leo mtu akiingia Ayvalık kuswali ataona msikiti uliokuwa kanisa. Wenyeji waliwaita nusu kafiri. Mwaka 1928 wanafunzi wa sheria wa Istanbul walianzisha kampeni ya "Raia, sema Kituruki!", na masikini hao, ambao walihamishwa kwa kuwa wao ni Waturuki, wakawa wanaona haya kuzungumza sokoni. Tazameni nani walioianzisha: wanafunzi, watu wa rika lenu.

Na sasa niwaambie la karibu zaidi na sisi. Kati ya watu waliovuka kutoka Krete kwa mkataba ule walikuwamo watu weusi. Familia ya Mustafa Olpak ilitekwa Kenya na kuuzwa utumwani, ikafika Krete, ikawa ya Waislamu, na mkataba wa Lausanne ukaipeleka Ayvalık. Mustafa, mjukuu wao, alizaliwa mwaka 1953, akawa fundi wa marumaru, akafuatilia asili yake mpaka akaandika kitabu. Mwaka 2006 alianzisha chama cha Waturuki wenye asili ya Afrika, na mwaka uliofuata wakaifufua Sikukuu ya Ndama, ambayo Waafrika wa Izmir walikuwa wakiiadhimisha zamani za Waosmani, dola ya Kituruki iliyotangulia Uturuki ya leo. Alifariki mwaka 2016. Sasa niambieni, ninyi mnaojua nani ni nani: watu wa familia ile ni Waturuki, Wagiriki au Waafrika? Anayesema Waislamu walikuwa wakandamizaji tu, aseme mahali pa kumweka mtumwa Mwislamu wa Krete. Anayesema Waosmani walikuwa wakombozi tu, aseme nani aliyemnunua.

Najua mtaniuliza: na Izmir je? Nitajibu, maana kukwepa ni kuwadharau. Jeshi la Uturuki liliingia mjini tarehe 9 Septemba 1922. Moto ulianza tarehe 13, na uliteketeza mitaa ya Waarmenia na Wagiriki huku mitaa ya Waislamu na Wayahudi ikisalimika kwa sehemu kubwa. Watu walisongamana gatini, bahari mbele na moto nyuma. Anayesoma Izmir asijifanye hajui hayo. Lakini anayesoma Athens naye asiruke yaliyotangulia: jeshi la Ugiriki liliposhuka Izmir Mei 1919 liliua Waislamu siku ileile ya kwanza, na liliporudi nyuma mwaka 1922 liliacha Manisa, Alaşehir na Salihli zikiwa majivu. Wote wawili wameeleza ukweli, ila kila mmoja amekata sehemu yake.

Na ugomvi huu una ugumu wake. Wagiriki walipata uhuru kwa kupigana na Waosmani kuanzia 1821. Jamhuri ya Uturuki ilizaliwa baada ya kuwafukuza Wagiriki. Kila taifa sherehe yake kubwa ni kilio cha mwenzake. Mtoto wa Kigiriki hufundishwa mauaji ya kisiwa cha Chios ya 1822, lakini ya Waislamu na Wayahudi wa mji wa Tripolitsa, waliouawa na Wagiriki mwaka mmoja kabla, huyasikia kwa mbali. Mtoto wa Kituruki hufundishwa Tripolitsa, na usiku wa tarehe 6 Septemba 1955, ambapo maduka, makanisa na makaburi ya Wagiriki wa Istanbul yalivunjwa, humpita bila kuuona. Ninyi mmeingia katika nyumba hizo kama wageni. Mgeni akipewa kinyongo pamoja na chakula, ale chakula.

Msijidanganye kwamba mambo hayo yameisha. Seminari ya Kiothodoksi ya Halki karibu na Istanbul imefungwa tangu 1971. Huko Thrace Magharibi, kati ya 1955 na 1998, Ugiriki iliwanyang'anya uraia watu wapatao 60,000, wengi wao Waislamu, kwa kifungu kimoja cha sheria. Chama cha Waturuki cha mji wa Xanthi kilivunjwa kwa sababu kilijiita cha Waturuki, mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema mwaka 2008 kwamba haki yao ilivunjwa. Serikali inawatambua kama Waislamu tu. Na humohumo wamo Wapomak, Waislamu ambao lugha yao ni jamaa ya Kibulgaria. Athens yenyewe ilipata msikiti wake rasmi Novemba 2020, miezi michache tu baada ya Hagia Sophia. Mliotukanana mwaka ule, ni nani kati yenu aliyeyataja yote mawili?

Ninyi wa Kupro nawaonea huruma zaidi, kwa sababu mnaishi juu ya kidonda kibichi. Mapigano ya Desemba 1963 yaliwafungia Waturuki wa kisiwa katika mitaa yao. Julai 1974 watawala wa kijeshi wa Athens walimpindua Askofu Mkuu Makarios, yule ambaye seminari ya Kiothodoksi ya Riruta, Nairobi, inabeba jina lake. Siku tano baadaye jeshi la Uturuki likashuka. Wagiriki wa kaskazini wakakimbilia kusini, Waturuki wa kusini wakaenda kaskazini. Waliotoweka katika miaka hiyo ni 2,002: Wagiriki 1,510 na Waturuki 492. Kuna kamati inayofukua mifupa yao, na wataalamu wake ni vijana wa Kigiriki na wa Kituruki wanaofanya kazi pamoja katika maabara moja, ndani ya eneo linalolindwa na Umoja wa Mataifa. Wanapanga kidole kwa kidole, kisha wanapima vinasaba ili familia ikazike. Zaidi ya watu 1,000 wameshatambuliwa. Mtu anayeshika mfupa asiojua ni wa upande gani hana muda wa maneno mnayorushiana.

Kwa hiyo uliyepanga chumba Kyrenia au Famagusta, huko kaskazini, jua kwamba nyumba ile huenda ina mwenyewe aliyeko Limassol, hati zake kabatini. Uliyeko Limassol au Paphos, huko kusini, huenda unapita kila siku penye nyumba ya Mturuki aliyeko kaskazini. Usipige picha kwa mbwembwe kwenye vizuizi vya kuvukia kati ya kusini na kaskazini. Usimwambie mtu wa kusini kwamba kaskazini ni nchi kama nchi nyingine, maana Uturuki pekee ndiyo inayoitambua. Wala usimwambie mtu wa kaskazini kwamba hayupo. Na anayetaka kushuka uwanja wa Ercan kisha avuke kusini aulize kwanza, kwa sababu serikali ya kusini huhesabu njia hiyo kuwa ni kuingia bila ruhusa. Vijana wetu wameshapata matatizo kwa kutouliza.

Jifunzeni lugha zao, si ya kununulia mkate tu. Kaeni na wazee wao. Mwulizeni mzee wa Ayvalık nyanya yake alimbembeleza kwa lugha gani. Mwulizeni mzee wa Nikaia au Nea Ionia wazazi wake waligombana kwa lugha gani. Wenyewe wakati mwingine wana busara kuliko washabiki wao. Agosti 1999 tetemeko lilipoua zaidi ya watu 17,000 upande wa İzmit, waokoaji wa Kigiriki walikwenda. Wiki tatu baadaye Athens ikatetemeka, na Waturuki wakaja kufukua vifusi. Februari 2023, Uturuki ilipopigwa tena, Wagiriki walikuwa miongoni mwa waliofika Hatay, na walitoa watoto wakiwa hai.

Ninyi wawili wa mtaa wangu nimewasikia, na majina yenu nimeyahifadhi. Ninaloomba ni hili. Sikukuu ya Ndama huwa Mei, upande wa Izmir. Wa Athens, visa ikipatikana, pandeni boti ya kwenda Lesbos, kisha vukeni Ayvalık, si mbali. Wa Izmir wapokeeni, muwalaze kwenu, mwende pamoja kuwaona wale ndugu zetu. Wasalimieni kwa niaba yangu, muwaulize majina ya babu zao, na mnitumie orodha.

Mimi babu yenu,
Tanga