Kuhusu mjadala wetu wa asili ya Daktari

Ndugu wanakikundi, salaam.

Kabla ya mjadala wa Jumamosi kuhusu Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya Daktari, msafiri wa wakati ambaye hubadilika mwili na sura badala ya kufa, naomba kila mwenye nadharia kuhusu asili ya mhusika mkuu aitaje sehemu ya kipindi anayoitegemea, maana wiki iliyopita tulizunguka palepale kwa saa nzima.

Swali la "nani?" limo katika jina lenyewe tangu BBC ilipoanza kukirusha kipindi hiki mwaka 1963, na kila jibu limezaa swali jingine. Chukueni kisa cha Morbius cha mwaka 1976: katikati ya pambano la akili kati ya Daktari na adui yake Morbius, zinapita kwenye skrini nyuso nane ngeni, ambazo kwa kweli ni za watayarishaji waliovishwa mavazi ya kale. Mashabiki walibishana kwa zaidi ya miaka arobaini kama ni nyuso za Daktari au za Morbius mwenyewe, hadi mwaka 2020 kisa cha Mtoto Asiye na Wakati kilipozirudisha na kudokeza kwamba Daktari aliishi maisha mengi kabla ya yule aliyeigizwa na William Hartnell, mwigizaji wa kwanza wa Daktari.

Mimi binafsi sijaridhika, kwani tumeonyeshwa mtoto huyo, yaani Daktari mwenyewe, akiokotwa peke yake chini ya lango la kuelekea ulimwengu mwingine, lakini alikotoka hatujaambiwa. (Jina halisi la Daktari tuliache kwanza, la sivyo tutakesha.)

Ambao hawajaufikia msimu huo wa 2020 wanijulishe mapema, tusije tukawaharibia utamu.