Pete ya mama usiibadilishe

Kampala, 12 Novemba

Ndugu yangu Rajabu,

Salaam aleikum. Barua yako ilinifikia juzi jioni, na tangu hapo sijatulia. Unasema mfanyabiashara mmoja amekuahidi topazi ya buluu, kito kikubwa mara mbili, ukimpa pete ya marehemu mama. Nakuomba sana, usikubali kabla sijaiona.

Pete ile naikumbuka. Mama akipatana bei ya mahindi pale Bombo alikuwa akiizungusha kidoleni, nasi watoto tunaikodolea macho: rangi ya chai kavu iliyopigwa na jua, halafu ukiitazama kwa upande, uwaridi unachungulia. Wakati ule niliona uzuri tu. Leo, baada ya miaka mingi kwenye meza ya sonara, rangi mbili ndani ya jiwe moja zinanifanya nidhani ni topazi halisi, tena ile adimu inayoitwa topazi ya kifalme. Hiyo huchimbwa hasa Ouro Preto, huko Brazil.

Sasa sikiliza habari ya hiyo buluu. Topazi nyingi hutoka ardhini bila rangi yoyote, nyeupe kama maji ya kisima. Hupigwa mionzi, kisha hupashwa moto, na buluu hujitokeza. Kazi hiyo imeenea tangu miaka ya 1970, ndiyo maana maduka yamejaa buluu kali. Ya asili ipo, lakini kwa kawaida imefifia. Mimi mwenyewe nauza zilizotengenezwa, na mteja namwambia wazi. Ni vito vizuri, ila ni vingi, na bei yake iko chini. Kutoa ya mama upokee hiyo ni kutoa ng'ombe upokee kuku.

Lakini sikufichi: inawezekana ya mama ikawa sitrini, jiwe la manjano la jamii ya kwazi (Waingereza huiita quartz). Zamani karibu kila jiwe la manjano liliitwa topazi, na wazee wetu walinunua kwa jina hilo. Usijaribu kukwaruza chochote kujipimia. Nikilitoa jiwe kwenye pete nitalipima uzito hewani na ndani ya maji, kwa kuwa topazi ni nzito kuliko kwazi ya ukubwa uleule kwa kama theluthi moja. Halafu nina kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga: topazi husoma kama 1.62, sitrini 1.55. Hapo hakuna ubishi.

Jambo moja litakufurahisha, maana sisi ni wajukuu wa Wanubi. Kitabu cha Ayubu kinataja yakuti ya manjano ya Kushi, na wengi huisoma hiyo kuwa topazi. Kushi ndiyo nchi ya kusini mwa Misri, upande ule waliotokea wazee wetu! Ila Wagiriki walipotumia jina topazi walikuwa wakitaja kisiwa cha Bahari ya Shamu ambacho vito vyake ni vya kijani. Leo Waarabu wanakiita Zabargad, jina lilelile tunalolitamka zabarajadi. Jina lilihama likakalia jiwe jingine, na sifa zikahama nalo: kwamba linapoza hasira, kwamba linafukuza hofu ya usiku. Mimi siamini kuwa jiwe lina uwezo huo. Lakini mama hakuwahi kupandisha sauti sokoni, na sura yake akiizungusha pete ile haijanitoka.

Kuhusu kuisafirisha, usiivae kwenye boda. Topazi ni ngumu, 8 katika kipimo ambacho almasi ni 10, ila ina upande mmoja inaopasuka kirahisi. Nikiwa mwanafunzi niliangusha moja kwenye sakafu ya saruji. Ilikatika bapa, laini kama iliyochongwa, na mwenyewe, mjane, alikuwa amesimama mlangoni anasubiri. Sikuweza kumtazama usoni. Basi ifunge kwenye pamba, uiweke peke yake ndani ya kikopo kidogo. Ikiwa chafu, maji vuguvugu na sabuni kidogo yanatosha. Asikudanganye mtu kuichemsha.

Panda taksi ya asubuhi Jumamosi. Nitakupokea kituoni, tupite nyumbani tule kwanza, kisha tuifungue pamoja mbele ya macho yako.

Msalimie shemeji na watoto.

Nduguyo,
Hamisi